Kuzuru Musée d'Orsay: mwongozo wa kuziona picha za Waimpreshonisti kwa utulivu

Wageni wengi wanaoingia Musée d'Orsay, makumbusho ya sanaa mjini Paris, hupanda moja kwa moja hadi ghorofa ya tano, hupiga picha za simu mbele ya kazi za Monet na Renoir, wachoraji wa kundi la Waimpreshonisti, kisha hushuka miguu ikiwauma, wakiulizana ilikuwaje picha za mashua, maua na watu wanaocheza dansi ziwakasirishe wakubwa wa sanaa wa Ufaransa. Jibu la swali hilo limo katika jengo lilelile, ila limetundikwa zaidi ghorofa ya chini, ambako wengi hupita haraka wakitafuta ngazi. Mwongozo huu umejengwa juu ya jambo hilo: anza chini kwa kutazama picha zilizopendwa na wenye mamlaka wa enzi ile, ndipo upande ukaone kazi za wale waliokataa kuchora hivyo. Tenga saa tatu, wala usijaribu kuona kila kitu.

Hatua ya kwanza: chagua siku na saa

Makumbusho haya hufungwa kila Jumatatu, na pia tarehe 1 Mei na tarehe 25 Desemba. Siku nyingine milango hufunguliwa saa tatu na nusu asubuhi na jengo hufungwa saa kumi na mbili jioni, isipokuwa Alhamisi, ambapo hubaki wazi hadi saa nne kasorobo usiku. Mgeni wa mwisho huingia saa kumi na moja jioni, au saa tatu usiku siku ya Alhamisi. Kumbuka kwamba tiketi huandikwa kwa hesabu ya Kizungu, hivyo 9:30 ni saa tatu na nusu yetu na 21:00 ni saa tatu usiku. Mtu aliyezoea kuhesabu saa kwa Kiswahili anaweza kufika mlangoni akiwa na uhakika kamili na bado akakosea kwa saa sita.

Jumanne ni siku ya kuepukwa, kwa sababu Louvre, makumbusho mengine yaliyo ng'ambo ya mto Seine, hufungwa siku hiyo na umati wake huhamia Orsay. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi kiingilio ni bure, lakini ni lazima kuagiza nafasi mapema, na hata ukiipata utatazama migongo ya watu kuliko picha. Kwa maoni yangu wakati bora kuliko yote ni Alhamisi kuanzia saa kumi na mbili jioni, pale makundi ya watalii yanapokuwa yamekwenda kula na vyumba vinapoanza kupumua. Asiyeweza kufika Alhamisi na awe mlangoni robo saa kabla ya kufunguliwa.

Hatua ya pili: nunua tiketi na ujue njia

Nunua tiketi kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe, ukichagua siku na saa ya kuingia, kwa kuwa bei hubadilika na wauzaji wa kati huongeza chao juu yake. Watoto na vijana walio chini ya miaka 18 huingia bure, watokako kokote, na vijana wa miaka 18 hadi 25 wanaoishi kihalali katika nchi za Umoja wa Ulaya nao huingia bure wakionyesha uthibitisho. Kwa hiyo mwanafunzi wa Kitanzania au wa Kikongo anayesoma Ubelgiji au Ujerumani asisahau kibali chake cha ukaazi, kwani mlangoni kitatazamwa kibali, si lugha wala sura. Mtu mwenye ulemavu na anayemsindikiza pia hawalipi.

Kufika ni rahisi. Treni ya RER, njia C, ina kituo kinachoitwa Musée d'Orsay kilichopo mlangoni kabisa, na metro njia ya 12 hukushusha Solférino, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Hapo nje kuna foleni zaidi ya moja, mojawapo ikiwa ya wenye tiketi na nyingine ya wasio nazo. Soma kibao kabla ya kusimama, maana kuna watu husimama nusu saa na tiketi mkononi katika foleni isiyo yao.

Mizigo hukaguliwa kwa mashine. Masanduku ya safari na mabegi makubwa hayaingii, kwa hiyo usije moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege. Koti na begi dogo waweza kuviacha katika chumba cha kuhifadhia, na ninapendekeza ufanye hivyo hata kama hulazimishwi, kwa sababu saa tatu na koti la baridi mkononi huharibu hamu ya picha yoyote. Kupiga picha kwa simu kunaruhusiwa bila mwanga wa flashi na bila fimbo ya selfi.

Hatua ya tatu: simama kwanza ulitazame jengo

Ukiisha kuingia, usikimbie. Simama juu ya ngazi zinazotazama ukumbi mkuu na uinue macho, kwa kuwa mahali uliposimama palikuwa stesheni ya reli. Gare d'Orsay ilijengwa na msanifu Victor Laloux kwa ajili ya Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1900, ikapokea treni za umeme zilizotoka kusini-magharibi mwa Ufaransa. Kufikia mwaka 1939 treni za masafa marefu zilikuwa zimerefuka kuliko majukwaa yake, na stesheni ikapoteza kazi yake kuu. Ilinusurika kubomolewa, na baada ya uamuzi wa serikali wa mwaka 1977, ikageuzwa kuwa makumbusho, mambo ya ndani yakibuniwa na Mwitalia Gae Aulenti. Milango ilifunguliwa kwa umma Desemba 1986. Kazi zilizomo ni za kati ya mwaka 1848 na 1914 hivi, yaani kipindi kilekile ambacho reli ilikuwa inaibadilisha Ulaya, na utaona baadaye kwamba jambo hilo halikuachana na historia ya picha hizi.

Chukua ramani, au ipakue kwenye simu. Picha huhamishwa, huazimwa na makumbusho mengine, na vyumba hufungwa kwa ukarabati, kwa hiyo orodha yoyote inayotaja namba za vyumba, hata ingekuwa ya mwaka jana tu, inaweza kukupoteza. Kama kuna picha moja ambayo ndiyo iliyokutoa nyumbani, waulize wahudumu mapema kama ipo ukutani siku hiyo.

Hatua ya nne: ghorofa ya chini, jifunze kilichopendwa

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo ninapomwomba msomaji avumilie dakika arobaini. Katika karne ya 19 mchoraji wa Ufaransa aliyetaka kula kwa kazi ya mikono yake alihitaji kukubaliwa katika Salon, ambayo si saluni ya kusukia nywele bali ni maonyesho rasmi ya Paris, yaliyokuwa na jopo la waamuzi wa kupokea na kukataa. Waamuzi walipenda visa vya kale vya Wagiriki na Warumi, vya Biblia na vya vita, vichorwe kwa uso laini usioonyesha hata alama moja ya brashi.

Tafuta kwanza mchoro wa Thomas Couture wa mwaka 1847 unaoonyesha Warumi katika siku za kuporomoka kwao. Una upana wa karibu mita nane, na ukubwa huo peke yake unakueleza nini kilihesabiwa kuwa sanaa ya heshima. Kisha tafuta Kuzaliwa kwa Venus kwake Alexandre Cabanel, uliochorwa mwaka 1863: mungu wa kike wa Kirumi amelala juu ya mawimbi, ngozi yake ikiwa nyororo kama kauri, na bahari chini yake haimloweshi. Mfalme Napoleon III aliununua mwaka huohuo.

Sasa mtafute Édouard Manet. Mwaka huohuo wa 1863 alipeleka mchoro uitwao Le Déjeuner sur l'herbe, wa chakula cha mchana nyasini, ambamo mwanamke asiye na nguo ameketi na wanaume wawili waliovaa suti za mjini, akimtazama mtazamaji machoni. Ulikataliwa, ukaonyeshwa katika Salon des Refusés, maonyesho ya waliokataliwa yaliyoruhusiwa na mfalme yuleyule aliyemnunua Venus. Uchi haukuwa tatizo, kwa maana Venus naye yu uchi. Tatizo lilikuwa kwamba mwanamke huyu hakuwa mungu, alikuwa mtu wa Paris ambaye wangeweza kukutana naye barabarani, na rangi zilipakwa kwa mafungu mapana bila kulainishwa. Msomaji atakayekwenda na watoto au na wazazi wake ajue mapema kwamba picha na sanamu za watu walio uchi ni nyingi katika ghorofa hii, ili asije akapigwa na butwaa mbele ya mkwewe.

Mbele ya Olympia, mchoro mwingine wa Manet wa mwaka 1863, usimtazame aliyelala peke yake. Mwanamke mweusi anayeleta shada la maua alikuwa mtu wa kweli, akiitwa Laure, na Manet aliandika jina lake na mtaa aliokaa, rue Vintimille, katika daftari lake. Kwa zaidi ya karne moja waandishi walijaza kurasa juu ya yule mweupe na kumpita huyu kama pazia. Mwaka 2019 Orsay yenyewe iliandaa maonyesho makubwa juu ya watu weusi waliokaa mbele ya wachoraji wa Ufaransa, na Laure akatajwa kwa jina lake. Simama hapo kadiri unavyotaka.

Kama una watoto, wapeleke mwisho wa ukumbi, ambako mfano mdogo wa mtaa wa Opéra umewekwa chini ya sakafu ya kioo na mtu hutembea juu ya mapaa ya Paris. Hiyo hununua dakika kumi za amani kabla ya kupanda.

Hatua ya tano: panda ghorofa ya tano na utumie miguu yako

Panda kwa ngazi za umeme au kwa lifti. Juu utakuta vyumba vyenye kuta za rangi ya kijivu iliyokolea na mwanga unaotoka darini, na utakuta pia umati. Uache upite. Makundi huja kama mawimbi, na ukikaa kwenye benchi dakika tano chumba hutulia.

Kanuni ya kwanza ni umbali. Picha ya Cabanel haibadiliki ukiisogelea, lakini hizi hubadilika. Nenda kwenye mchoro wa Monet wa stesheni ya Saint-Lazare, wa mwaka 1877, ambao kwa bahati njema unaning'inia ndani ya stesheni. Usogelee hadi hatua mbili, bila kuvuka mstari wa walinzi: utaona mafungu ya buluu, zambarau na nyeupe yasiyo na maana yoyote. Rudi nyuma hatua sita au saba taratibu, bila kuondoa macho. Mafungu yale yatageuka kuwa moshi chini ya paa la kioo, na kichwa cha treni kitatokea katikati yake. Fanya hivyo mara mbili. Ukishayaona mageuzi hayo kwa macho yako huhitaji tena kuelezwa maana ya Uimpreshonisti, kwani mchoraji amekuachia wewe kazi ya kuchanganya rangi ambayo zamani ilimalizwa juu ya turubai.

Kanuni ya pili ni kutazama vivuli. Katika mchoro wa Monet uitwao La Pie, wa mwaka 1868 hadi 1869, ndege mmoja mweusi na mweupe ametua juu ya lango katikati ya theluji, na kivuli cha ua kimepakwa buluu. Salon ya 1869 iliukataa. Aliyekulia pwani, hata kama hajawahi kuona theluji, akumbuke kivuli cha mnazi juu ya mchanga mweupe jua linapowaka. Hakijawa cheusi hata siku moja. Wachoraji hawa waliandika walichokiona, ilhali waamuzi walitaka walichofundishwa.

Waliweza kufanya hivyo kwa sababu za kawaida kabisa. Mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alibuni mrija wa bati wa kuhifadhia rangi ya mafuta, ambayo kabla ya hapo iliwekwa katika vibofu vya nguruwe vilivyopasuka na kukauka ovyo. Sasa mchoraji aliweza kutia mirija mfukoni, kupanda treni asubuhi hadi Argenteuil, mji wa karibu na Paris, na kurudi jioni na picha iliyochorwa palepale, hewani, kabla jua halijahama. Ukiona katika vyumba hivi mito, madaraja na mabustani ya karibu na Paris yakijirudia, jua kuwa unatazama pia ratiba ya treni.

Hatua ya sita: chagua picha chache ukae nazo

Mimi humshauri mtu achague sita, akae na kila moja kwa dakika tano, na zilizobaki azipitie kwa salamu. Chaguo ni lake, lakini nitaje ninazorudia.

Bal du moulin de la Galette ya Renoir, ya mwaka 1876, ni dansi ya Jumapili kilimani Montmartre. Tazama madoa ya mwanga yaliyopenya majani na kuangukia migongo ya makoti, kisha hesabu ni watu wangapi wanaotazamana. Karibu yake huwa kuna wengi wanaojipiga picha, subiri.

Le Berceau ya Berthe Morisot, ya mwaka 1872, ni ndogo na hupitwa. Dada yake, Edma, anamtazama mwanawe aliyelala nyuma ya kitambaa chepesi, na mtu wa kwetu ataona mara moja kile kinachofanana na chandarua. Jinsi mchoraji alivyoweza kupaka kitambaa kinachoonyesha na kuficha kwa wakati mmoja ni ufundi mkubwa, hasa ukikumbuka kwamba shule kuu ya sanaa ya Paris haikuwapokea wanawake hadi mwaka 1897.

Les Raboteurs de parquet ya Gustave Caillebotte, ya mwaka 1875, ina mafundi watatu vifua wazi, wamepiga magoti wakikwangua na kupiga randa sakafu ya mbao, na maranda yamejikunja pembeni yao. Waamuzi waliona kazi ya vibarua haifai ukutani. Caillebotte alikuwa tajiri, akanunua picha za wenzake walipokuwa na njaa, ile dansi ya Renoir ikiwamo, na alipofariki mwaka 1894 aliiachia serikali mkusanyiko wake. Serikali ilisita, ikachukua sehemu tu. Soma vibao vidogo chini ya picha na utalikuta jina lake mara nyingi kama mtoaji. Bila yeye vyumba hivi vingekuwa na mapengo makubwa.

Mafuriko ya Port-Marly ya Alfred Sisley, ya mwaka 1876, ni ya kutazamwa kimyakimya. Maji yamefika mlangoni mwa duka la mvinyo, na anga ni tulivu kama vile hakuna kilichotokea. Naye mchoraji Edgar Degas, aliyechukia kuitwa Mwimpreshonisti na ambaye hakupenda kuchora nje, amewakilishwa na sanamu ya binti wa miaka kumi na minne anayecheza baleti, aliyevishwa sketi ya kitambaa halisi. Ile ya nta aliyoionyesha mwaka 1881 iko Washington. Hii ya shaba iliyeyushwa baada ya kifo chake. Izunguke pande zote, kwa kuwa mgongo na mikono iliyofungwa nyuma vinasema zaidi kuliko uso.

Mwisho ni Kanisa Kuu la Rouen. Monet alilichora mara thelathini hivi kati ya mwaka 1892 na 1894, na Orsay inazo picha tano. Zikiwa zimetundikwa pamoja, usitazame kanisa, tazama saa: bila kusoma vibao, kisia ni ipi ya asubuhi, ipi ya jua kali na ipi ya mawingu, kisha usome uone ulivyokisia.

Van Gogh na Gauguin, wanaovuta watu wengi kuliko wote, walikuja baada ya kundi hili na wana njia yao nyingine. Nenda kwao ukiwa bado na nguvu, au uwaache kwa siku nyingine; kuwaona wakati macho yamechoka ni kuwadhulumu.

Hatua ya saba: pumzika nyuma ya saa

Ghorofa hiyohiyo ina saa kubwa za kioo za stesheni, na kupitia mojawapo unaona mto Seine, bustani ya Tuileries na kwa mbali kilima cha Montmartre, kule ilikochorwa ile dansi. Nyuma ya saa nyingine kuna mkahawa. Kahawa yake si ya bei ya mtaani, lakini kiti chake kinafaa.

Hatua ya nane: vuka mto, ila si siku hiyohiyo

Picha iliyowapa Waimpreshonisti jina lao, Impression, soleil levant, haipo Orsay, na watu wengi huitafuta bure. Monet aliichora Le Havre mwaka 1872 na kuionyesha katika maonyesho ya kwanza ya kundi hilo, Aprili 1874, katika studio ya zamani ya mpiga picha Nadar, ambapo mwandishi wa magazeti Louis Leroy aliwaita Waimpreshonisti kwa kejeli. Picha hiyo iko Musée Marmottan Monet, magharibi mwa Paris, karibu na kituo cha metro cha La Muette.

Siku utakayopata nafasi, isiwe Jumanne kwa sababu makumbusho ya Orangerie hufungwa, toka mbele ya Orsay uvuke mto kwa daraja la miguu lenye jina la Léopold Sédar Senghor, mshairi na rais wa kwanza wa Senegal, upite Tuileries hadi Orangerie. Humo, katika vyumba viwili vya umbo la yai vilivyofunguliwa mwaka 1927, miezi michache baada ya kifo cha Monet, zimo picha nane ndefu za mayungiyungi ya bwawa lake. Vyumba hivyo hupata mwanga wa mchana kutoka darini. Keti kwenye benchi la katikati, na wingu likipita juu ya paa usiondoke. Ngoja jua lirudi, uone maji yakibadilika rangi ukutani.